Maji ya Kunawa Miguu, na Jinsi Kendi Alivyopata Chuo

Nyinyi wa kikundi mliniuliza Jumapili, tukiwa tumesimama nje ya kanisa, Kendi ameenda wapi na ni kwa nini nilikubali. Nilianza kueleza, nikafika kwenye viazi, mmoja wenu akasema gari lake linaondoka. Kwa hivyo nimekaa chini nikaandika. Shule niliachia darasa la nne, lakini kuandika naweza, ila sijui kufupisha. Atakayechoka apumzike, aendelee kesho.

Kendi ni mtoto wa Mugambi, mwanangu wa pili, na amekaa kwangu tangu aanze shule, ili nisilale peke yangu. Alipopita mtihani akasema anataka kusomea Sayansi ya Uendelevu. Nikamuuliza hiyo ni nini. Akanieleza muda mrefu, habari ya maji na udongo, na jinsi watu wanavyoweza kutumia kitu bila kuwamalizia watakaokuja. Nilielewa nusu. Mugambi hakuelewa hata hiyo nusu, lakini alielewa kwamba kwa kozi hiyo aliitwa na vyuo viwili. Kimoja kiko karibu na mji wa Meru, ambapo angeweza kurudi nyumbani kila Ijumaa. Kingine kiko Mbeere, huko chini ya Embu, kwenye joto na miba. Yale ya kujaza kwa simu sitayaeleza kwa sababu siyajui. Ninachojua ni kwamba alibaki achague kimoja, na hakuwa na muda mwingi.

Mugambi aliniita kando akaniambia, "Mama, nenda naye akaone, lakini mrudi na Meru."

Kendi naye akaniambia jikoni, "Shosho, twende tuone vyote viwili. Ukishaona, ukisema Meru, nitaenda Meru na sitanuna."

Wote wawili niliwaambia sawa. Upande wangu nilikuwa nimeshaamua ni Meru. Mgongo wangu mnaujua, na asubuhi anayeniwashia moto ni Kendi.

Timau hadi Makutano, mbele ya viazi

Tulienda na Mutuma, mtoto wa marehemu dada yangu, ambaye hununua viazi huku kwetu Timau na kuvipeleka Embu kwa lori lake. Tulikaa mbele, mimi katikati, miguu juu ya mtungi wa dizeli. Baridi ilikuwa ile ya kwetu. Tulipita mashamba ya ngano, tukapita zile nyumba za plastiki za maua, nikamwonyesha Kendi mahali nilipokuwa nikifunga mboga za kwenda ng'ambo, zamani. Kulikuwa na msimamizi mmoja pale aliyekuwa akipima urefu wa maharagwe kwa kijiti. Likiwa refu kuliko kijiti linatupwa. Sisi tulikuwa tukila yaliyotupwa, na watoto wangu wote walikua kwa hayo maharagwe marefu. Kendi akasema hiyo hadithi ataitumia shuleni. Sikuona itamsaidia nini.

Makutano, pale mjini Meru, tulikwama. Askari wa kaunti walikuwa wamesimama kando ya barabara wakiangalia magunia. Mutuma alikuwa na yale ya mukorino, yale yanayoshonewa wavu juu mpaka gunia linaonekana limefunga kilemba. Hayo yamekatazwa kwa sababu yanazidisha kipimo, na Mutuma anajua yamekatazwa.

"Mzee, hii ni kofia gani?" askari mmoja akamuuliza.

"Ni baridi, afande. Viazi vya Timau vimezoea kofia."

Askari alicheka, lakini hakumwachilia. Mutuma akaambiwa ashushe magunia yote, avifunge viazi upya. Akatafuta vijana wa kumsaidia, akaniambia, "Anti, hii itachukua mchana mzima. Nendeni mkaone hicho chuo, mkirudi mtanikuta hapa hapa nikitubu."

Chuo cha kwanza, penye nyasi

Hapa lazima nieleze jinsi ninavyoangalia mahali. Nilipokuwa nikiposwa, shangazi yangu alitangulia kwenda kuona boma la hao watu. Hakuongea na bwana. Aliangalia kuni zimepangwa vipi, akaingia jikoni, akaangalia ng'ombe amelala kwenye kavu au kwenye matope, akala chakula chao, akarudi akasema niende. Sijawahi kujua njia nyingine. Kwa hivyo chuoni niliomba kuona jikoni.

Aliyetutembeza alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa pili, anaitwa Murithi, kijana mwenye adabu. Alikuwa ametayarisha kutuonyesha maktaba na vyumba vya kompyuta, na alivionyesha, navyo ni vizuri. Lakini jikoni pia alinipeleka. Sufuria zilikuwa safi. Mpishi alinipa chai na chapati na maharagwe, nikala nimesimama, na Kendi akaona aibu. Vyoo vilikuwa na maji. Nje kulikuwa na nyasi nzuri sana, kijani, zimekatwa kama zulia, na mipira ya maji ilikuwa ikizunguka ikizirushia maji, na jua lilikuwa kali.

"Hapa ni kijani mwaka mzima, shosho," Murithi akasema.

Kendi akamuuliza, "Maji ya jikoni, ya kuoshea vyombo, mnapeleka wapi?"

Murithi akamwangalia. "Yanaenda tu. Kuna bomba."

"Linaenda wapi?"

"Aah, hapo umenishika. Chini huko." Akacheka, na Kendi akacheka pia. Hakukuwa na ubaya wowote.

Tulipotoka getini nilimwambia Kendi kwamba boma kama hili ningetoa binti bila kuuliza mara mbili.

"Shosho, siolewi."

"Najua. Lakini utalala huku miaka minne. Si ni kitu kimoja?"

 Aligeuka akaangalia ile mipira ya maji tena. Nikadhani amependa nyasi.

Makutano hadi Runyenjes, na mama wa avokado

Mutuma tulimkuta anamalizia. Magunia yalikuwa yamekuwa mengi na mafupi, na yeye alikuwa mkali, hakuongea mpaka tulipopita Nkubu. Halafu akaongea bila kunyamaza. Ile barabara ina makona mengi na mabonde, unashuka mpaka darajani, unapanda, unashuka tena. Mvua ilitukuta karibu na Chuka. Tulifuata lori la majani ya chai kwa muda mrefu sana, na Mutuma akawa anasema dereva wake anaendesha kama anabeba mayai. Tulilala Runyenjes, kwenye lojing'i ya mama mmoja anayeimba akifagia. Nduma alizotuchemshia zilikuwa laini. Za kwetu, kwa sababu ya baridi, hazifiki hapo, hilo nakubali.

Asubuhi, Mutuma akiwa anaangalia gurudumu, alinipa bunda la miraa limefungwa kwa majani ya ndizi. Alisema Mbeere yuko rafiki yake, Mzee Ireri, anayemuuzia ndengu, na boma lake limepakana na hicho chuo cha pili. Tutalala hapo.

"Wale wako na muguka tu," akasema, "majani, kama chakula cha mbuzi. Wapelekee kitu cha watu."

Basi fikirieni mimi, nguo ya kanisa, kitambaa kichwani, nimebeba miraa chini ya kwapa katikati ya soko la Runyenjes. Bodaboda zilikuwa zikiingia na mikungu ya ndizi na magunia ya avokado. Nilisimama kununua avokado, na mama aliyekuwa akiuza akaliangalia lile bunda, ambalo kwetu hupelekwa kwenye posa, akamwangalia Kendi na begi lake, akaniuliza tunaelekea wapi. Nikamwambia Mbeere.

"Woi," akasema. "Mnampeleka msichana mzuri hivi kwa joto lile? Kwani huko kwenu Meru wanaume wameisha?"

"Anaenda kuona shule."

"Eeh, hata mimi niliambiwa naenda kuona shangazi." Akamwongezea Kendi avokado mbili bila kuombwa. "Chukua, mwanangu. Wakikusumbua, barabara ya kurudi ni hii."

Kendi alicheka mpaka akakaa juu ya begi. Mimi nilizichukua hizo avokado na sikumsahihisha yule mama, maana kusema kweli alikuwa amesema yaliyo moyoni mwangu.

Embu, na kushuka

Embu, Mutuma alibaki sokoni na viazi vyake, akatutafutia gari la kushuka. Ukitoka Embu kuelekea Siakago, huko Mbeere, unaona nchi inabadilika kama mtu anayevua koti. Kahawa inaisha. Halafu ni miembe, halafu vichaka, halafu ardhi nyekundu na mbuzi. Nilivua sweta. Baadaye nikavua na kitambaa, jambo ambalo silifanyi mbele ya watu.

Hicho chuo cha pili ni majumba mafupi na matangi. Niliangalia nyasi, hakuna. Niliangalia kuni, hakuna hata kijiti, wanapikia kitu kinachotoka kwenye bomba. Uwanja umefagiliwa mpaka udongo unang'aa. Mwalimu mmoja mama, mwenye kofia kubwa ya jua, alitukaribisha. Kendi hakungoja hata tukae. Aliuliza lile swali lake la maji ya jikoni.

Yule mwalimu akasema, "Njoo."

Wakaenda. Mimi niliachwa kwenye benchi karibu na tangi. Nilingoja. Nililala kidogo. Nilipoamka, walikuwa mbali, nyuma ya jikoni, wameinama wote wawili juu ya mtaro wenye mawe, na mwisho wa mtaro kulikuwa na migomba michache, ndiyo kitu pekee cha kijani nilichokiona pale. Kendi alikuwa ameweka mkono ndani ya mtaro mpaka kwenye kiwiko. Nguo hiyo nilikuwa nimeipiga pasi mimi.

Tulipewa muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa, na ndengu. Chakula kilikuwa kizuri, siwezi kusema uongo, lakini kula huku jasho likinidondoka kwenye sahani sikuzoea. Nikawa natengeneza sababu zangu kichwani nikitafuna: joto, mbali, nyoka, hakuna kuni, hakuna mtu wa kwetu. Zilikuwa zinatosha.

Kwa Mama Ireri

Jua lilikuwa bado liko juu tulipofika kwa Mzee Ireri. Mke wake, Mama Ireri, ni mwanamke wa umri wangu, mrefu, mkavu, sauti ya chini. Alinipa kiti kivulini, akaingia ndani, akatoka na beseni la maji ya kunawa miguu. Beseni lilikuwa na maji mengi. Mnajua utamu wa maji kwenye miguu iliyovimba. Nilinawa, nikapangusa, nikainuka, na kama ninavyofanya nyumbani kwangu kila siku, nikayarusha maji ya beseni lote katikati ya ua, kwa mzunguko, ili vumbi lilale.

Kuku walikimbia kuja.  Mzee Ireri aliangalia kofia yake. Kendi alinitazama kama nimemtukana mtu.

Mama Ireri alipokea beseni. "Umelaza vumbi vizuri," akasema.

Nikajua nimekosa, lakini sikujua nimekosa nini. Kendi ndiye aliyenionyesha kwa kidole. Kando ya ukuta kulikuwa na mstari wa mipapai midogo, kila mmoja umezungushiwa mawe, na udongo wa ndani ulikuwa mkavu isipokuwa kwa mmoja au miwili.

"Maji ya miguu ni ya mipapai," Mama Ireri akasema. "Leo ilikuwa zamu ya ule wa mwisho."

Alisema zamu. Sasa mnaelewa. Sisi wote ni watu wa mfereji. Maji yanatoka mlimani, kila boma na siku yake, na mtu akifungua mfereji siku isiyo yake anaitwa mbele ya kamati, analeta mbuzi. Mimi mwenyewe nimekaa kwenye hiyo kamati, nikamhukumu jirani yangu, mkanisifu. Na hapa nilikuwa nimeuibia mpapai zamu yake, nimewamwagia kuku.

Nikamwambia hivyo, kwamba kwetu ningelipa mbuzi.

"Ulete," Mzee Ireri akasema. "Tutampokea." Hapo ndipo watu wakacheka, nami nikakumbuka miraa, nikaitoa. Mzee aliigeuza geuza. "Mutuma ananitumia kuni? Mwambie jiko tunalo."

"Amesema yenu ni chakula cha mbuzi."

"Ndiyo maana mbuzi wetu wana akili." Lakini aliifungua, na alipoondoka nyuma ya nyumba aliondoka nayo.

Mama Ireri aliniuliza huyu msichana anasomea nini. Nikamwambia, ni mambo ya vitu kudumu, maji na udongo, visiishe.

"Kudumu?" akasema. "Na atakaa hapa miaka yote minne? Basi atapata ya kuangalia." Akachukua mtungi. "Mimi naenda mtoni. Atakuja?"

Kendi alikuwa ameshasimama.

Mto wenyewe ni mchanga. Niliwafuata nyuma pole pole, kwa sababu sikutaka kubaki na mzee anayetafuna. Wamechimba shimo kwenye mchanga, linafika kifuani, na chini maji yanakusanyika kidogo kidogo. Kendi alishuka ndani, akawa anachota kwa kikombe, na Mama Ireri juu akimimina mtungini kupitia kitambaa. Kendi hakunyamaza. Maji yalikuwa yanapatikana wapi zamani? Shimo linahamishwa lini? Nani anachota kwanza, watu au mbuzi? Huko juu ya huu mto ni nani?

"Ni nyinyi wa mlimani," Mama Ireri akasema.

"Sisi si wa mto huu," nikasema haraka. "Sisi tuko upande ule mwingine. Wetu unashuka Isiolo."

"Basi watu wa Isiolo wanawasema nyinyi."

Nilifikiria. Wanakuja kila kiangazi, wale wafugaji, wanasimama getini kwa kamati na fimbo zao, na sisi tunawaambia wangoje mvua. "Wanatusema," nikakubali.

Kendi aliinua kichwa kutoka kwenye shimo akanitazama, mchanga mpaka kwenye nyusi.  Alirudi kuchota.

Tukirudi, yeye na mtungi mgongoni, kamba kwenye paji la uso kama mimi nilivyobeba kuni nikiwa na umri wake, aliniambia, "Shosho, umeshaona vyote. Sema."

"Nitasema nyumbani."

"Lakini umeshaamua?"

"Nimesema nitasema nyumbani."

Kusema kweli nilikuwa nazipitia zile sababu zangu moja moja. Joto lilikuwa langu, si lake. Mbali ni kwangu. Nyoka sikuwa nimemwona. Kuni ni zangu, na mgongo ni wangu. Nilitafuta hata moja iliyokuwa yake, tukafika sijaipata.

Kurudi

Kurudi hakuna la kueleza sana. Mutuma alikuwa amebeba ndengu na maembe, magunia bila kofia. Alisimamishwa Makutano na askari yule yule, akashuka mwenyewe akamfungulia turubai kabla hajaambiwa. Tulipita karibu na chuo cha kwanza, na ile mipira ya maji ilikuwa bado inazunguka. Kendi aliangalia upande mwingine. Alikuwa ameahidi hatanuna, na hakununa, lakini kutoka pale mpaka Timau alijibu kila kitu kwa neno moja, na Mutuma alipomuuliza kama amechoka alisema, "Hapana."

Mugambi alikuwa ameketi kwenye kiti changu akitungoja. Kendi alisalimia, akaingia jikoni kuwasha moto, mlango akauacha wazi. Aliniletea maji ya moto kwenye beseni, akarudi ndani. Nikanawa miguu, nikachukua muda wangu.

"Haya, Mama," Mugambi akasema. "Ni Meru, sivyo?"

Nikainuka na beseni. Mnapajua pale mlangoni ninapomwaga, pana shimo kabisa. Nikapita hapo, nikavuka ua, nikaenda mpaka kwenye ule mti wa matunda damu ulio karibu na zizi.

"Mama, mfereji umejaa hapo nyuma yako. Hayo maji unapeleka wapi?"

"Huu haujapata zamu," nikasema, nikamwaga. Maji yalichukua muda kuingia. Kisha nikamwambia, "Anaenda Mbeere."

Jikoni, sauti ya kuvunja vijiti ilinyamaza.

Mugambi akavua kofia, akaivaa. Alijua mapatano yangu na Kendi, kila mtu hapa nyumbani alikuwa ameshayajua. Mwisho akauliza, "Na wewe, moto atakuwashia nani?"

"Unakaa ng'ambo ya barabara," nikamwambia. "Amka mapema."

Vijiti vikaanza kuvunjika tena, kwa kasi.

Basi ni hivyo, hamna haja ya kuniuliza tena nje ya kanisa. Mugambi anakuja asubuhi, anawasha vibaya, moshi mwingi, lakini anakuja. Jumanne kikundi kiko kwangu. Ndengu nilizopewa na Mzee Ireri bado zipo, tutazipika. Mtapewa maji ya kunawa, na mkimaliza, beseni msilimwage mlangoni. Niulizeni kwanza ni zamu ya mti gani.